Jina Lililopungua Nukta

Bibi Sabela alinikataza kalamu.
"Kwanza sikio," alisema, "mkono utafuata.
Na ole wako nikusikie unahesabu.
Anayehesabu nukta ni karani wa duka."

Miaka thelathini alikaa kwenye mtambo wa simu za maandishi,
posta ya Lugo,
akipokea vifo vya watu na bei za ng'ombe
kwa sikio lile lile, la kushoto.
Mimi ni mwoka mikate. Nina miaka hamsini na miwili
na vidole vilivyozoea vitu vinavyoumuka polepole.

Tulianza na herufi mbili tu.
M: taa taa.
K: taa ti taa.
Usiku kucha nikikanda unga,
mvua ya Galisia ikichapa vigae,
niliziona kabla sijazisikia:
taa mbili dirishani;
kisha taa, kivuli cha mtu anapita, taa.

Wiki ya tatu nilikuwa nimeharibika.
Tanuri likilia kwamba mikate imeiva, lilisema S.
Gari la maziwa likikata kona, kiashiria chake
kilisema tano, tano, tano.
Mchana mmoja Icía, mke wangu, aliniamsha.
"Unanigonga mgongoni. Umeandika nini?"
Nikafikiri. "F."
"F tu?"
"F, mara nyingi. Hainiingii."
Akageukia ukuta, akacheka hadi kitanda kikatikisika,
na kicheko kile
sikukihesabu.

Kitufe nilijitengenezea:
kipande cha msumeno wa chuma, skrubu mbili,
kibao cha kukatia jibini.
Waya ulitoka kwenye dohani hadi mlimau wa jirani,
aliyekubali kwa mkate mmoja kila Jumamosi,
wa shayiri, usioungua.

Kisha Jumapili moja ya Machi, saa tano usiku,
nikapiga hodi.
Ndivyo ilivyo, sina neno jingine:
taa ti taa ti, taa taa ti taa,
hodi kwenye nyumba ambayo hujui mlango wake uko wapi,
wala kama ina mlango.
Mara tatu. Mvumo tu, kama mafuta kikaangoni.
Mara ya nne mtu akaitika.

Hermínio, kisiwa cha Faial, Azori.
Alikuja mbio; nilidaka herufi mbili, nyingine zikanipita
kama abiria wanaoshuka kituo kisicho changu.
Nikaomba arudie. Akarudia taratibu,
kama mtu anayemmegea mtoto mkate.
Akauliza jina.

Amaro. Herufi tano, nimezaliwa nazo.
Lakini kwenye R mkono ulitetemeka,
nukta ya kwanza ikateleza, haikutoka,
na ti taa ti ikafika kwake taa ti.
"Usiku mwema, AMANO," akajibu. "Huku kuna upepo, AMANO."

Alama ya kosa naijua. Nukta nane;
nilizifanyia mazoezi kuliko salamu.
Ila nilikuwa nimeitwa kwa jina kutoka ng'ambo ya maji yote yale,
na nani anamsahihisha
mtu aliyemfungulia mlango saa tano usiku?

Akaniaga kwa sabini na tatu,
namba ambayo watu wa redio hutakiana heri:
taa taa ti ti ti,
ti ti ti taa taa.
Jasho lilikuwa limelowesha kibao cha jibini.

Mei ikaja kadi, picha ya ng'ombe penye ukungu,
kwa AMANO, kwa mwandiko wa kulala.
Nikaibandika juu ya tanuri.
Bibi Sabela akaisoma, akavua miwani.
"Umedondosha nukta."
"Najua."
Akachukua mkate wa moto, akaugeuza,
akaugonga chini kwa kidole
kama tufanyavyo sisi kujua kama umeiva:
ti taa ti.
Akanisukumia.
"Haya. Wewe."